Habari Zilizokwisha Kusomwa

Jumatatu, 8 Machi
Umeme umekatika tena. Seva nimeiunga kwenye betri ya gari. Seva! Ni kompyuta kuukuu tu, iko sebuleni chini ya kitambaa. Lakini leo imekubali: inapiga simu yenyewe, inaingia intaneti, inazunguka kurasa kumi na moja za habari, inaniletea mapya yote mahali pamoja. Niliyokwisha kusoma inayaficha. Nimejisifu mpaka mke wangu Furaha akacheka.

Mdogo wangu Elia alitoka Nyanza-Lac jana na lori la mawese. Hajafika. Redio inasema lori limechomwa Kigwena, haisemi zaidi. Barabara imefungwa. Kurasa za mashine huandika majina ya waliokufa.

Jumanne, 9 Machi
Habari kumi na tano. Elia hayumo. Nimemfundisha Furaha kufungua mashine na kusoma habari, mimi niko kibandani natengeneza redio za watu. Naogopa.

Jumatano, 10 Machi
Nimerudi mbio mchana. Ukurasa mtupu. "Hakuna kitu, Baba Neema," Furaha akaniambia. "Kula kwanza." Kuku, katikati ya wiki! Jirani yetu Mama Zaina anafagia ua wetu. Mume wake yuko Bujumbura kikazi, labda amechoka kukaa peke yake.

Alhamisi, 11 Machi
Mtupu tena. Nchi inaungua na kurasa kumi na moja zinyamaze? Fundi mjinga mimi. Nimeamuru mashine ionyeshe na zilizosomwa.

Zimejaa. Ya jana asubuhi: lori, Kigwena, majina matano. Elia ni wa tatu.

Furaha alikuwa amekwenda kuteka maji. Nimezificha tena kama zilivyokuwa.

Kwetu msiba hauambiwi mtu na mke wake jikoni. Anangojwa mkubwa wa ukoo. Baba mkubwa yuko Kabonga, lazima aje kwa mtumbwi. Nimemchukia Furaha saa nzima. Kisha nikakumbuka amebeba hili tangu jana, huku ananikaangia kuku.

Ijumaa, 12 Machi
Kazini. Redio tatu. Sijamwambia kwamba najua.

Jumamosi, 13 Machi
Baba mkubwa amefika, suruali imelowa mpaka magotini. Yeye na Furaha wamenikalisha katikati yao. "Amahoro, amani, mwanangu. Iko neno tumekuja nalo." Alianzia mbali, kwa babu, kwa safari yetu ya kutoka Uvira. Nilimwacha afike mwenyewe. Alipotaja Elia nililia kwa sauti, na sikuwa naigiza. Furaha naye akalia, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumapili, 14 Machi
Mashine imepiga simu yake asubuhi kama kawaida. Habari tisa. Katika ya sita, basi limeshambuliwa karibu na Bujumbura, na limo jina la mume wa Mama Zaina. Mama Zaina huwa anakuja kwetu kusomewa habari.

Nimeitia alama ya kusomwa, ifichike. Navaa viatu, nakwenda kumtafuta kaka mkubwa wa marehemu. Furaha amechukua ufagio, yuko uani kwa Mama Zaina.