Jamu ya Mti Wako

Remera, Kigali

Baba Manzi mpenzi,

Sisi hatujambo. Mti wa kinyomoro ulioupanda nyuma ya jiko umezaa mara ya kwanza, na wewe umelazwa Nairobi. Matunda nimeyapika jamu. Chupa ya kwanza ilipasuka. Niliimiminia jamu ya moto chupa ikiwa baridi.

Jirani yetu Jolly alinicheka: “Binyomoro iko mingi sokoni, Mama Manzi, unajichosha bure!”

Nikamwambia matunda ya sokoni hukuyapanda wewe.

Daktari kaniambia kwenye simu utaruhusiwa Machi, ukipata nafuu. Hiyo “ukipata nafuu” nimemwachia mwenyewe. Kila kifuniko nimekiandika: Machi, afungue Baba Manzi.

Njoo basi. Nimevikaza mno, mimi siviwezi.

Mkeo,
Eustadia