Kipande cha Bati Kwenye Tundu la Bolti

Mpwa wangu Salumu,

Hapa mtaani Rahaleo tu wazima, na mama yako yuko shambani kijiji cha Ziwani kwenye korosho. Ila barua yako imenichosha. Unakaza bolti ya ekzosi ya boti yako kwa spana uliyoirefusha mpini kwa bomba, tundu linaisha meno, halafu unaniuliza kama kipande cha bati ukikichomeka humo kitashika ukibeba abiria?

Mimi, niliyenyanyua injini ya boti peke yangu, niliwahi kutia bati kama hilo. Kwenye mlango wa mto Ruvuma bolti ikachomoka, moshi ukajaa ndani. Nahodha akaniambia, "Fundi, misuli unayo, subira huna."

Toboa tundu lipanuke, chonga meno mapya, weka bolti nene, ukaze bila bomba.

Siku ile, ndani ya boti ile iliyojaa moshi, alikuwamo mama yako, ana uchungu wa kukuzaa wewe. Mpaka leo hapandi boti niliyoigusa.

Mjomba wako, fundi asiye na mwenzake pwani yote