Kulungu wa Neville

Jumatatu, 12 Juni 2023

Neville kalazwa leo. Nyonga. Nimempeleka mwenyewe baada ya zamu ya asubuhi: watoto nimewashusha shuleni, basi nimelirudisha yadi, nikamfuata kwake. Nimemkuta kakaa nje na begi miguuni, kavaa soksi mpya. Kabla hatujaingia hospitali akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Neno lake la siri la kuingilia kwenye mchezo wetu wa kompyuta.

Anataka kila wiki nimwingize mhusika wake kwa Malkia wa Chumvi, lile jitu la mchezo linalodondosha zawadi likiuawa. Mhusika mmoja, nafasi moja tu, na hesabu inaanza upya kila Jumatano. Miaka sita hajakosa hata wiki moja, hata ile aliyomzika dada yake. Vipando vyote vya mchezo, wale wanyama wa kupanda, anavyo zizini, kasoro mmoja. "Kulungu wa Kioo akidondoka nipigie, bibie, hata kama wameshanipasua." Nikamwambia aache mambo yake. Akanikonyeza. Mtu wa miaka sitini na nane!

Jumatano, 14 Juni

Amedondoka.

Saa tano asubuhi, katikati ya zamu zangu mbili. Mhusika wa Neville nilikuwa namwendesha kwenye kompyuta kubwa, mhusika wangu kwenye laptop mbovu pembeni. Malkia akaanguka dakika ya nane. Nikafungua alichoacha kwa Neville: gunia la chumvi, mkufu wa hovyo, na Kulungu wa Kioo! Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Nikashika simu. Nilishika simu kweli — hilo naliandika hapa.

Kisha nikaiweka mezani.

Aliyepata kitu anaweza kumpa mwenzake aliyekuwa naye mle ndani, kwa muda wa saa mbili tu. Baada ya hapo ni chake daima. Na mwenzake aliyekuwa mle ndani nani? Mimi. Mkono wa kulia ukatoa, wa kushoto ukapokea. Hakuna aliyenilazimisha. Kulungu akaingia zizini kwangu, na aliyeingia zizini hatoki tena.

Nikanawa uso, nikaenda kuwachukua watoto wa shule.

Alhamisi, 15 Juni

Mwizi. Sina haja ya kulipamba.

Nimempanda mara moja, kwenye ule ufuo wa kaskazini ambako hawaendi watu. Ni mzuri kuliko kwenye picha. Unamwona moyo ukipiga ndani ya kioo. Miaka mitatu nimetamani kusimama naye kwenye uwanja wa mji, watu wanizunguke, waniulize — mimi ambaye kwenye basi jina langu ni "oya, dereva". Leo ninaye na lazima nimfiche.

Akapita mtu nisiyemjua, akasimama, akaandika: Hongera sana! Nikazima kompyuta nzima kwa kidole, pale pale kwenye kitufe.

Jumapili, 18 Juni

Nimekwenda kumwona. Nimempelekea keki za nazi zile anazopenda, sita, kana kwamba keki sita zinatosha. Bado mweupe usoni lakini mdomo ni ule ule.

Swali la kwanza: "Enhe? Jumatano?"

"Chumvi tupu," nikasema.

Limetoka laini kabisa! Sikujua nina ulimi wa hivyo. Akacheka, akasema Malkia ana roho mbaya lakini wamezoeana. Mzee wa kitanda cha pili akadakia: "Mnawinda nini nyie?" Neville akamwambia, kulungu. Yule mzee akasema kama shida ni kulungu tu, shemeji yake ana bunduki na shamba huko Eungella, tungemwambia mapema. Wamecheka mpaka Neville akashika nyonga kwa maumivu. Na mimi nikacheka nao. Nilicheka kabisa.

Jumatano, 21 Juni

Nafasi ya Neville: chumvi. Nafasi yangu: chumvi na ngao.

Nimewaza kwenye basi njia nzima mpaka Sarina. Kumrudisha haiwezekani. Kilichobaki ni kutafuta wa pili. Likizo ya shule inaanza Jumamosi, wiki mbili sina basi. Kila mhusika mpya nitakayempandisha mpaka kiwango cha mwisho ni nafasi moja zaidi kwa wiki. Namsimamisha Neville pembeni mle ndani. Akidondoka kwa yeyote kati ya wangu, nampa palepale. Halafu nampigia simu. Furaha yake itakuwa ya kweli na hatajua mtu.

Hatajua mtu! Ndiyo hesabu zangu hizo. Wala sijawaza kumwambia.

Jumanne, 27 Juni

Mhusika wa pili kafika kiwango cha mwisho. Mchawi. Simpendi hata sura. Nimekula tosti siku tatu. Miwa inachomwa na kuvunwa, majivu yanaingia mpaka kwenye kibodi, na nguo nimeziacha kwenye kamba zikawa nyeusi.

Jumapili, 2 Julai

Wa tatu tayari. Wa nne yuko nusu.

Losa ameniona. Ndiye kiongozi wa chama chetu cha mchezoni, Wachovu — sote watu wa zamu, ndio maana ya jina. Yeye yuko Auckland, anaoka mikate alfajiri, mchana yuko nasi. Akaniuliza kwenye hedifoni: "We Merilyn, umerogwa? Wahusika wawili na nusu kwa siku nane?" Nikamwambia namtafutia Neville kulungu. Akasema, kwa sauti ile yake ya kanisani, kwamba watu kama mimi wamekwisha duniani. Akawaita na wengine wasikie. Wakaanza kunipigia makofi, watu tisa kwa mpigo, kwenye masikio yangu.

Sikukanusha. Nimekaa nimepigiwa makofi.

Jumatano, 5 Julai

Wanne wangu, mmoja mmoja. Chumvi. Chumvi. Mkufu. Chumvi. Neville: chumvi.

Alhamisi, 6 Julai

Kidonda cha Neville kimekataa kupona. Kimeingia uchafu, wamemfungua tena wakaosha. Nimekwenda kwa nia moja: kumwambia. Nimeyasema maneno ndani ya gari, kwa sauti, mara tatu. Neville, nilikuibia. Ni neno moja tu ukishatoa jina.

Nikaingia. Amekonda mikono. Kabla sijakaa akanishika kiganja. Losa kampigia simu akamweleza yote, wahusika wangu wanne, likizo yangu yote. Machozi yakamtoka, mtu aliyeendesha treni ya miwa miaka thelathini na moja! Akasema, "Mwanangu mwenyewe hajawahi kunifanyia hivi." Akaomba radhi kwa kulia. Aliniomba mimi radhi.

Nikasema naenda msalani. Nikajifungia humo nikakaa juu ya kifuniko. Niliporudi nikamkuta kalala, nikashukuru Mungu kwamba kalala. Nimejidharau njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Julai

Wa tano kafika. Kesho narudi kuendesha basi.

Jumatano, 12 Julai

Wangu nimewaweka akiba. Neville karudi nyumbani jana, anatembea kwa fimbo. Losa kapanga: Jumamosi chama kizima kiingie kwa Malkia pamoja naye, kila mtu na wahusika wake wote, zamu kwa zamu. Akidondoka kwa yeyote, apewe Neville. Wote wamekubali. Sijawahi kuomba kitu kwa Mungu kama ninavyoomba hiki. Nikiwa na haki ya kuomba.

Jumamosi, 15 Julai

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika haraka.

Amedondoka! Raundi ya kwanza tu, saa nne na dakika kumi. Na siyo kwa mwingine — kwa Neville mwenyewe, mhusika wake, mkono wake. Masikio yangu hayakusikia kitu ila makelele. Losa analia. Mimi nalia kuliko wote, nimeegemea meza, nasema asante, asante, asante. Nikajiona nimepona.

Neville akasema subirini, tulieni. Akasema miaka sita alidhani anamtaka huyu mnyama. Kumbe kule kitandani aliwaza kitu kingine. "Mimi nilikuwa naingia mara moja kwa wiki na chai yangu. Merilyn kala tosti wiki mbili. Wa kwanza ni wake. Mimi na Malkia tumezoeana, nitapata mwingine."

Na likafunguka dirisha la kubadilishana mbele yangu. Kulungu yumo ndani, jina langu juu. Kubali, au kataa.

Nikakataa. Akalifungua tena. Nikasema hapana, Neville, wako, mchukue, nakusihi. Wote wakaanza: "Mchukue! Mchukue!" Losa akasema, "Acha kujidai, dada, unamuudhi mzee." Akalifungua mara ya tatu.

Nikibonyeza kubali, mchezo utakagua zizi langu. Haumpi mtu kipando alichonacho. Dirisha litajifunga na maandishi mekundu yatatokea kwangu na kwake pia: Mpokeaji tayari anaye.

Nikauchomoa waya wa mtandao ukutani.

Simu imeita. Neville. "Umekatika, bibie? Usijali, nimemshikilia, simwingizi zizini mpaka urudi." Nikasema mtandao wa mtaa mzima umekufa. Uongo mwingine, wa ngapi huu sijui.

Nimepiga hesabu. Saa sita na dakika kumi muda unakwisha, baada ya hapo ni wake, hawezi kumpa mtu. Nikae kimya tu. Atabaki naye, mimi nitabaki na aibu yangu, hatajua mtu. Saa moja na dakika arobaini. Naweza kukaa.

Saa tano na robo. Losa kaleta ujumbe: Neville hapokei simu, yuko kwako?

Saa tano na dakika ishirini. Teksi imesimama nje.

Ni yeye. Namwona kupitia pazia. Laptop yake iko kwenye mfuko wa sokoni, kaining'iniza shingoni. Dereva anataka kumshika mkono, anamsukuma kwa kiwiko. Anapaza sauti kutoka chini: "Merilyn! Washa kompyuta! Nimekuja na mtandao wa simu yangu! Nataka niwe hapo hapo nikuone uso ukimpanda!"

Nyumba yangu iko juu ya nguzo, kama zote za mtaa huu. Ngazi kumi na moja. Anapanda jinsi walivyomfundisha hospitalini, namsikia akijihesabia: mguu mzima, mbovu, fimbo. Moja. Mzima, mbovu, fimbo. Mbili.

Muda bado dakika hamsini.

Ya tano kasimama. Anahema. Dereva anamwambia, "Mzee, utaanguka, mwite mwenyeji atoke akusaidie." Anajibu, "Mwache, kachoka yule, kanihangaikia sana."

Ningekuwa mtu ningeshatoka kumshika. Niko nyuma ya pazia na kalamu.

Sita. Saba.