Matobolwa Yaliyokataliwa na Wadudu

Somanda, Bariadi
16 Juni 2024

Kwa Sengi, shangazi yangu mpendwa, Nyanjige,

Mwadila, Sengi. Naamini barua hii inakukuta mzima, na magoti hayakusumbui na baridi hii ya asubuhi. Nkoma mnaendeleaje? Pamba mmeshachuma, au bado mnamsubiri mwanao Sayi aamke? Mimi ni mzima, na safari hii sikuandika neno hilo kwa mazoea ya barua. Precious, wewe unayemsomea bibi, soma taratibu, na usiruke mahali ukidhani ni utani wangu.

Kwanza taarifa ya mwili. Lile jeraha la mguuni, nililochomwa na spoku ya pikipiki likakaa wazi miezi na miezi, limefunga. Majipu yamekwisha. Ule utando mweupe mdomoni umeondoka, nala ugali wa moto bila kutoa machozi. Vidole bado vinakufa ganzi kidogo nikiamka, lakini nimerudi gereji, na hapa stendi hakuna fundi anayenifikia kwa kufungua injini. Wateja ndio wanasema, mimi naandika tu.

Sengi, sijasahau. Nilipokuwa naugua kila wiki kitu kipya, watu walinipa ukimwi bila kipimo. Nikapima, nikarudia, majibu yakawa sina, nao wakasema hata mashine imenionea huruma. Mwenye nyumba akanitengea kikombe changu. Wewe uliacha palizi ukaja kulala sakafuni pale wodini, ukala na mimi sahani moja wakati ndugu wengine wananipungia mkono kutoka dirishani. Ukamwambia nesi kuwa huyu ni mtoto wa kaka yako, umemlea wewe baada ya baba yake kufariki, mdomo mrefu anao tangu kuzaliwa lakini ugonjwa huu si wake. Wabeja sana, Sengi. Asante tena.

Sasa nikueleze alichosema Daktari Milembe baada ya wewe kurudi shambani. Alinieleza kwa Kisukuma, maana kwa lugha ya hospitali nilikuwa naitikia tu. Alisema ndani ya damu mna askari wanaozuia magonjwa. Nikamwambia basi hao ni sungusungu, akacheka, akakubali. Akasema sungusungu wangu wamelewa: wengine wamelala, wengine wanawapiga wenye mji wenyewe, ndiyo maana kila kijidudu kinaingia kikitaka. Kilichowalewesha ni sumu, aina ya zebaki. Lakini si ile wanayoshika wachimba dhahabu. Hii iliunganishwa kiwandani na vitu vingine, ikawa dawa ya unga ya kupaka mbegu zisioze, na ukiila mwili unaipokea kama chakula. Ilipigwa marufuku zamani, ila mabaki yake hayasikilizi redio.

Akaniuliza ninakula nini ambacho wenzangu hawali. Nikajigamba, unanijua. Nikamwambia wenzangu wanahonga tumbo kwa chipsi, mimi nina matobolwa ya sengi wangu, viazi alivyovichemsha na kuvianika mwenyewe. Natembea nayo mfukoni, nayatafuna makavu kutwa nzima, na tangu mwaka jana hayajaguswa na mdudu hata mmoja. Hapo akaacha kuandika. Akaniambia niyatoe mfukoni. Kisha akataka na chombo nilimoyahifadhi. Vyote vikapelekwa maabara Mwanza, na majibu yakarudi kuwa ni zebaki ile ile: unga mwekundu ulikuwa umejificha chini, kwenye mkunjo wa bati. Wadudu wa Bariadi wana akili kuliko mimi niliyefika kidato cha pili.

Precious, mpe bibi maji, kisha endelea.

Ndiyo, Sengi, ni lile pipa ulilonipa nilipohamia mjini, ulilonunua walipobomoa ghala kuukuu la pamba. Ulilisugua kwa jivu na maji ya moto, nilikuona kwa macho yangu. Hakuna aliyejua. Daktari mwenyewe amesema naye angeliona ni pipa zuri.

Lakini ulinunua mawili. Yule mwizi aliyeingia kwako Jumapili ya Pentekoste mkiwa kanisani, akachukua pipa la pili na choroko zako zote za akiba, ukapiga yowe la mwano mpaka kijiji kizima kikatoka na fimbo, ni Zengo, rafiki yangu wa bodaboda. Aliyemtuma ni mimi. Pipa liko kwa bwana afya, choroko zimeteketezwa. Nilishamdodosa Precious kwa simu, nikajua hamjazifungua. Kukwambia wewe kwa simu nilishindwa. Ungeniuliza sababu, na wewe sijawahi kuweza kukudanganya. Nilitaka siku utakayosikia kuwa zawadi yako ndiyo iliyonilaza, uisikie kwa mtu aliyekwisha kusimama.

Sasa usilie, na usiende kwa padri kuungama dhambi ambayo haipo. Ulichonipa wewe ni chakula. Nilipoambiwa ukweli nilitafuta hasira nikaikosa. Nilichokikuta ni wewe umekaa ukinimenyea viazi vile.

Alhamisi nakuja na pikipiki, twende ukapimwe damu, maana mikono yako ndiyo iliyosugua mapipa yote mawili. Utasema huumwi. Nilisema hivyo hivyo mimi. Kipigo cha choroko nitakipokea, na fimbo uchague mwenyewe, ila baada ya majibu.

Nisalimie Sayi akiamka, na mzee Mayige wa sungusungu, umwambie msako umekwisha na Zengo anamwomba amsahau sura.

Ni mimi, mtoto wako mwenye maneno mengi,
Jilala