Lebo ya Chupa ya Asali

Jumamosi, 7 Juni

Kosa la wengi ni kuchemsha asali. Wanaitia kwenye sufuria pamoja na matunda, jiko linawaka, wanaambulia sharubati nzito isiyo na harufu. Asali haipikwi. Inasubiriwa.

Nilifundishwa na Mwalimu Keiko, Mjapani aliyekuja kufundisha hesabu shuleni kwetu zamani, mie nikifundisha sayansi kimu. Kwao wana tunda liitwalo yuzu. Hapa Temeke halipo. Natumia machenza manne na malimau mawili. Osha, kausha. Menya, kisha kwangua weupe wa ndani ya maganda kwa kijiko, maana ndio wenye uchungu. Kata maganda membamba kama nyuzi. Nyama ya tunda ikate vipande, toa mbegu zote. Panga kwenye chupa: tabaka la tunda, tabaka la asali, mpaka juu. Siku tatu, igeuze kila asubuhi. Vijiko viwili kwenye kikombe cha maji ya moto, chai tayari.

Asali ni ya Tabora, nimeinunua kwa mama mmoja Manzese. Chupa yake nzuri, nimemimina asali bakulini na kuiosha chupa ili niitumie hiyo hiyo. Lebo nimeibandua polepole na kuibandika hapa daftarini, nisije nikamsahau muuzaji. Miwani sijui nimeiweka wapi.

Jumanne, 10 Juni

Imeiva. Maji ya matunda yamepanda, asali imekuwa nyepesi. Kikombe kimoja, na kikohozi changu cha kipupwe kimetulia.

Nuru naye anakohoa kidogo. Mjukuu wangu, miezi minne. Mama yake, Rehema, mke wa mwanangu Idrisa, amerudi kazini wiki iliyopita. Anakamua maziwa, ananiachia mtoto mpaka saa kumi. Kliniki walimwambia maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Sawa. Lakini asali si chakula. Kwetu mtoto hulambishwa asali akizaliwa. Nililambishwa mie, akalambishwa Idrisa. Nuru alizaliwa kwa upasuaji, ile siku ikapita hivi hivi.

Nikachovya kidole chupani. Mara tatu. Alikinyonya huku amenikodolea macho, kisha akacheka.

Sikumwambia Rehema. Sikuona cha kusema.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya tatu Nuru hajapata choo. Jioni Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili alikuja kuomba chumvi, akamtazama.

"Anatunza huyo," alisema. "Kamrithi babu yake. Hatoi kitu bure."

Rehema alicheka. Nami nilicheka. Mtoto wa maziwa ya mama anaweza kukaa siku kadhaa, hilo nimelifundisha mwenyewe. Sina wasiwasi.

Jumatano, 18 Juni

Nina hofu.

Leo amemaliza nusu tu ya maziwa. Anachoka katikati. Kilio kimepungua, sauti ya paka mchanga. Kope zimeshuka kama za mwenye usingizi, na hajalala.

Nimefungua daftari niandike hayo, likafunguka penye lebo. Leo nina miwani. Chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa: Asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Nimesoma mara nne. Haisemi kwa nini. Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi wasome maelezo kwanza.

Nimempigia Rehema. Nimemwambia mtoto hanyonyi, aje haraka. Asali sikuitaja. Mdomo umekataa. Ni saa nane mchana. Naandika nimempakata, mkono mmoja. Namsikiliza pumzi.

Alhamisi, 19 Juni

Hospitali, tangu jana. Daktari ni binti mdogo, aliniamkia shikamoo kabla hajakaa. Aliuinua mkono wa Nuru, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa. Shingo nayo imelegea.

"Amepewa chochote zaidi ya maziwa? Maji, dawa za kienyeji, asali?"

"Hapana, dokta," Rehema alisema. "Maziwa yangu tu, naapa. Anashinda na bibi yake huyu. Mwalimu. Yeye ndiye anawafundisha wenzie mtaani."

Alinisifu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa nimebakiwa na upenyo wa kunyamaza, na niliuona. Nikautazama ule mkono.

"Asali," nilisema. "Nilimlambisha mie. Jumanne ya wiki iliyopita."

Rehema hakupiga kelele. Alisogeza kiti chake. Kidogo tu, mbali nami.

Daktari alieleza, nami naandika nilivyoelewa. Hata asali safi inaweza kuwa na mbegu za kijidudu zisizoonekana, na maji ya moto ya chai hayaziui. Tumbo la mtu mzima linazishinda. La mtoto wa chini ya mwaka bado. Zikiota humo hutoa sumu inayolegeza misuli: choo hufunga, kope hushuka, kunyonya hushindikana. Mwisho ni pumzi. Kipimo chake pale hakipo, hivyo hana uhakika. Lakini sasa anajua cha kuchunga, alisema.

Amelazwa. Maziwa yanapita kwenye mrija wa puani.

Jumamosi, 21 Juni

Wauguzi wanahesabu pumzi zake. Nami nahesabu. Rehema ananiamkia, basi.

Idrisa amekuja moja kwa moja kutoka kazini Kurasini, vumbi la yadi za makontena bado liko viatuni. "Mama, hukujua," alisema. Ya asali sikuyajua. Ya kliniki niliyajua.

Alhamisi, 26 Juni

Bado anapumua mwenyewe. Hayo tu.

Jumanne, 1 Julai

Amelia. Kilio cha hasira, wodi nzima iligeuka. Kisha akalishika ziwa, akanyonya, akapumzika, akanyonya tena.

Rehema alilia bila sauti. Baadaye akaninyooshea mtoto. "Mama, mshike nikanawe uso."

Nilimshika. Shingo yake ilikaza kidogo. Nikakaa naye, nikahesabu pumzi.

Jumapili, 6 Julai

Tumerudi nyumbani. Nyumba imetulia. Nuru amelala ubavuni kwa mama yake.

Rehema anakohoa. Ameuliza kama ile chai yangu bado ipo. Nilisita. Alisema daktari amemwambia yeye anaweza kunywa. Nikamtengenezea, vijiko viwili. Aliimaliza yote, akanirudishia kikombe. "Nzuri, Mama," alisema. Nikakiosha.

Bi Mwanaisha ameomba asali iliyobaki chupani ampelekee bintiye aliyeko Goba. Binti huyo amejifungua mwezi uliopita.

Leo, kabla chupa haijatoka jikoni: bandua lebo hii daftarini, ibandike mbele ya chupa.