Msumari Wangu Sebuleni

Jumapili, 2 Novemba
Zamu ya asubuhi tena, maktaba ya hoteli huku Uarabuni. Mimi mlinzi mlangoni, Mzee ukutani. Mzungu wa enzi za Malkia Viktoria, amechorwa kwa rangi ya mafuta, vitabu nyuma yake hadi darini, kidole ndani ya kimoja. Anajiona huyo! Nami najiona. Viatu vyangu vinang'aa kuliko vyake.

Sebuleni kwetu Kakamega zimetundikwa picha za dada na kaka, wote na majoho ya kuhitimu. Mimi nilikomea kidato cha nne. Msumari wangu Mama aliupigilia zamani. Umeangikiwa kalenda ya duka la mbolea. Inaniuma.

Jumanne, 4 Novemba
Sina zamu. Nimeazima suti ya Okello, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja Al Rayyan. Tukaingia hotelini kama wageni. Nikasimama chini ya Mzee, kidole kitabuni kama yeye. Okello akapiga picha. Nimemtumia Mama.

Jumatano, 5 Novemba
Mama ameikataa. "Hiyo suti si yako, mabega imekukataa. Watu wakiniuliza huyu ni nani, nitasema nini? Nitumie vile unaendanga kazi."
Nimekasirika sana. Joho sina. Sasa hata suti haifai?

Alhamisi, 6 Novemba
Hasira imeisha. Mama ana haki. Kofia hii ya sare hakuna aliyeniazima.
Lakini tukiwa kazini simu ni marufuku. Mwenzetu alifukuzwa kwa hilo. Na Jumamosi Mzee anahamishiwa hoteli nyingine, Lusail. Sitaki picha bila yeye. Nimemlinda miaka mitatu, hana hata mkwaruzo.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemwendea msimamizi. Mkenya, lakini mkali kama pilipili. Nikamwambia wazi nataka picha na Mzee, nikiwa na sare. Akanikagua toka viatu hadi kofia. Nikajiona uwanja wa ndege na begi langu.
Kisha: "Kofia imeenda upande. Nyorosha. Leta simu."
Amepiga mwenyewe. Kitabu sikushika. Mikono nyuma, kifua mbele.

Jumamosi, 8 Novemba
Wamembeba Mzee. Nimewashikia mlango.

Alhamisi, 13 Novemba
Zamu ya asubuhi. Ukuta mtupu, naulinda hivyo hivyo.
Dada ametuma picha ya sebule. Niko katikati ya majoho, na juu yangu kitambaa kipya alichofuma Mama.
Kalenda imehamia jikoni.