Mpira Uliotundikwa kwa Kinyozi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi kama vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni kwangu. Hujambo? Goti lile la kushoto linaendeleaje? Na baridi ya huko, unaivaa ile fulana nzito niliyokushonea, au umeiona ya kishamba? Sisi huku wazima, ila mgongo wangu unalalamika kwa kuinamia cherehani. Mama yako hajambo, anakuombea kila akilala na kila akiamka.

Tetesi za usajili zimetufikia mpaka sokoni. Asubuhi redio inasema umeuzwa, mchana umegoma, jioni umeshapimwa afya kwenye klabu nyingine kabisa. Dau lako linapanda kuliko sukari. Kijana hata ndevu hazijakomaa, unatajiwa bei ya kununua soko hili zima pamoja na panya wake! Nilipoisikia ile ya mwisho nilikanyaga cherehani kwa furaha, kushtuka nimeshona suruali ya mteja miguu yote miwili imekuwa mmoja. Na aliivaa, akaenda nayo kazini. Haki ya Mungu.

Sasa nikueleze kinachonikereketa rohoni. Ni yule kinyozi jirani yangu. Tangu jina lako litajwe redioni amebandika picha yako juu ya kioo, na kila dau lako likipanda, naye anapandisha bei ya kunyoa. Vijana wanapanga foleni wakatwe mtindo wa Sindano. Anawaambia ndiye aliyekugundua, eti alikiona kipaji kwenye umbo la kichwa! Na jina la Sindano eti alikupa yeye. Mwanangu, kinyozi na sindano wapi na wapi? Si angekuita Wembe?

Hayo ningeyameza. Lakini wiki iliyopita alikuja mtangazaji, na kinyozi akamwonyesha mpira wa matambara uliotundikwa dirishani, akasema ndio aliokupa ukiwa mtoto. Nikachungulia mlangoni. Mpira ule kazi ya mikono hii! Mshono wa kurudia, uzi wa kushonea magunia. Labda uliusahau pale siku uliyonyoa kabla ya safari. Nikapaza sauti, "Huo mpira wangu!"

Kinyozi akageuka, wembe mkononi. "Fundi, si wewe uliyesema ulimshonea jenerali koti lisilopitisha risasi?"

"Nilimshonea!"

"Na simba naye akaja kupimwa suti?"

Duka zima likaangua kicheko. Mtangazaji naye akacheka, akazima chombo chake cha kurekodia. Mpwa wangu, jenerali ni kweli kabisa, na simba nilimrefusha mkia tu. Lakini mpira si hadithi. Tangu siku ile chakula hakipiti. Kila mashine yake ya kunyoa ikinguruma upande wa pili wa ukuta, naona inanicheka mimi.

Wewe ndiye shahidi wangu. Unakumbuka tuliujaza nini? Matambara yaliisha, wewe unalia, nikachukua mkasi nikakata kola ya koti langu la harusi, lile la kijivu. Mkazamjomba wako alininunia mpaka nikaisahau sauti yake. Basi ukija kutuona kabla ya kuhamia hiyo klabu mpya, ingia kwa kinyozi, omba mkasi, upasue mpira ule mbele ya watu. Usiseme neno. Kola itasema.

Lakini pitia kwangu kwanza. Na nakusihi, njoo ukiwa umeshanyoa huko huko.

Mkazamjomba wako anakusalimu sana, anasema koti lile bado analo, halina kola. Bibi yako anauliza kama huko wanakupa uji. Mdogo wako wa mwisho anakusalimu kwa mguu wa kushoto, juzi kavunja kioo changu. Mungu akulindie miguu yako, na akuepushe na mawakala wenye tabasamu pana kuliko uso.

Ni mimi mjomba wako, niliyekupenda kabla hujawa na bei,

Fundi Cherehani